Dada Imefikia Wapi: Jumanne yangu moja kazini, Arusha

Saa 11:15 alfajiri

Juni ya Arusha haina utani. Unatoa mkono nje ya blanketi kuzima kengele ya simu, unaurudisha ndani kuupasha moto, ndipo unafikiria kama kweli unaamka. Mlima Meru, ambao wageni wanatoka mbali kuja kuupiga picha, umejifunika ukungu mpaka miguuni. Nauonea wivu.

Kwenye grupu la kazi kuna ujumbe wa saa 8:40 usiku kutoka kwa kijana wa zamu: "Dada, kuna mtu anahangaika na akaunti ya mzee wa usafirishaji. Nywila imekosewa mara 14. Nimeifunga."

Mzee wa usafirishaji alistaafu Novemba. Keki ya kumuaga niliila mimi mwenyewe, vipande viwili. Kumbe muda wote huu sisi tumemuaga, mfumo bado unamsubiri.

Saa 1:30 asubuhi

Nimesaini mahudhurio. Kabla hatujaendelea, niseme kazi yangu ni nini, maana hata mama yangu mzazi huwaambia watu kwamba "anafukuza wezi wa kompyuta". Sifukuzi mtu. Mimi ni msimamizi wa utekelezaji katika kitengo cha usalama wa mtandao cha taasisi moja ya umma hapa mjini (ipi, tuiache). Vijana wangu ndio wanaojua kusoma kumbukumbu za seva (kompyuta kuu zinazobeba mifumo ya ofisi) na kupanga fayawoli (ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao). Mimi ni kama katibu wa kamati ya harusi: sipiki, sipigi muziki, sipambi ukumbi, lakini najua keki imefika au haijafika, nani hajamalizia mchango, na MC amelipwa nusu au yote. Siku nzima nauliza, "Imefikia wapi?" Ndiyo maana korido nzima wananiita Dada Imefikia Wapi. Mwanzoni lilinikera jina hilo. Siku hizi naitika.

Saa 2:00

Kikao cha kusimama. Hakuna kukaa, hakuna chai, dakika 15 tu. Ubaoni tuna safu nne za vikaratasi: Bado, Inaendelea, Imekwisha, na ya nne niliyoiongeza mwenyewe, Imekwama Kwa Nani. Hiyo ya nne ndiyo mshahara wangu.

Leo imenenepa. Uthibitisho wa hatua mbili umekamilika idara sita kati ya tisa. Leseni ya antivairasi inaisha tarehe 30 Juni na karatasi zake zimelala Ununuzi. Orodha ya wastaafu tuliiomba Utumishi wiki tatu zilizopita, jibu hakuna. Na seva moja haijawekewa masasisho kwa sababu Uhasibu wanafunga mwaka wa fedha na hawataki mtu aiguse hadi Julai.

Hapa nilikaa sana, kwa hiyo na wewe nitakukalisha. Mwaka 2017 Microsoft walitoa rekebisho la udhaifu mmoja wa Windows tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei programu hasidi iitwayo WannaCry ikaanza kusambaa kwa kupitia udhaifu uleule, ikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hesabu: siku 59. Hospitali za umma za Uingereza zilipigwa vibaya, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000 ikafutwa. Dawa ilikuwepo karibu miezi miwili nzima. Haikuwa imefika kwenye mashine, basi. Watu wakisikia habari kama hizo wanafikiria jamaa mwenye kofia gizani. Mimi nafikiria kikaratasi kilichokaa siku 59 kwenye safu ya nne.

Lakini Uhasibu nao si wajinga. Seva ikigoma kuwaka tarehe 27 Juni, malipo ya watu yanakwama, na hakuna atakayemlaumu mdukuzi. Nikashuka kwao mwenyewe. Tumekubaliana Jumamosi saa 4 usiku, nakala kamili ichukuliwe kwanza, na kijana mmoja wa Uhasibu awepo kuthibitisha kwamba kila kitu kinafunguka kabla ya sisi kwenda kulala. Mhasibu kaniuliza nani atamlipia huyo kijana teksi ya usiku. Swali zuri. Nimeliandika.

Saa 3:10

Masjala. Ndiyo idara ya saba.

Mama wa masjala yuko ofisini tangu enzi za majalada peke yake, kabla hata ya barua pepe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mmekuja kutufungia nini leo?" Nikacheka, nikamweleza: kuanzia sasa, kuingia kwenye mfumo kunataka nywila pamoja na namba sita zinazotoka kwenye programu ya simu yake. Akauliza kwa nini wasimtumie tu kwa meseji kama benki. Nikamwambia: mtu akifanikiwa kurudisha laini yako kwa jina lako, meseji zinamfuata yeye, wewe unabaki na simu isiyo na mtandao ukidhani ni mawingu. Akanyamaza kidogo. "Binamu yangu walimfanyia hivyo."

Tukaweka programu. Akaandika namba sita taratibu, kidole kimoja, akitamka kila tarakimu. Mfumo ukakataa. Akarudia. Ukakataa. Mara ya tatu akasukuma kibodi mbele. "Mwanangu, mtambo wenu haunitaki."

Kijana wangu akaanza kuangalia seva. Mimi nikaangalia saa ya ukutani: saa 3:21. Kwenye simu ya mama: saa 3:31.

"Mama, saa yako iko mbele."

"Najua. Naishi Usa River. Nikiiacha saa ya kweli, gari langu la jioni linaniacha. Hii saa naidanganya tangu simu yangu ya kwanza."

Hizo namba sita hazitumwi na mtu. Simu na seva zina siri moja zilizopeana siku ya kwanza, na kila moja inaikokotoa siri hiyo pamoja na saa ya wakati huo, inapata namba mpya kila sekunde 30. Ndiyo maana zinafanya kazi hata bila bando. Seva inavumilia saa iliyopishana kidogo, lakini dakika 10 ni namba 20 mbele. Simu ya mama ilikuwa inasoma ukurasa ambao seva haijaufikia.

Nikaweka saa yake ijipange yenyewe. Mara ya nne, mfumo ukafunguka. Nikamwambia nitamwekea kengele ya dakika 10 kabla ya gari. Akanitazama kwa huruma. "Kengele si sawa na woga, mwanangu. Mimi natolewa na woga."

Nilipokuwa naaga nikalalamika kidogo kuhusu wastaafu, kama mtu anavyolalamika kuhusu mvua. Akasema, "Wastaafu? Majalada yao yote yako rafu ile. Rejesta inaonyesha kila lililohamishwa na tarehe yake." Wiki tatu nimeandikia Utumishi, na jibu liko hatua 40 kutoka mezani kwangu!

Nikanyoosha mkono. Akaweka wake juu ya rejesta. "Hapana. Lete ruhusa ya mkuu wa utumishi kwanza. Sikupi hivi hivi kwa sababu unacheka vizuri."

Huyu mama ndiye mdhibiti bora wa usalama tuliye naye, na hayumo kwenye chati ya kitengo changu. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika, tumefanya semina, tumebandika mabango, na bado nilitaka kuchukua orodha ya majina ya watu kwa tabasamu. Nikapanda juu na karatasi yenye mstari mmoja: naomba majina na tarehe za kustaafu tu, tangu Julai iliyopita, kwa ajili ya kufunga akaunti. Mkuu wa utumishi akasaini amesimama. Barua yangu ya wiki tatu zilizopita ilikuwa na kurasa mbili na viambatisho. Nadhani hakuwahi kufika mwisho wake.

Waliostaafu ni 11. Akaunti zilizokuwa bado wazi ni saba.

Saa 5:00

Ununuzi. Dokezo sabili (barua ya ndani ya ofisi) langu la leseni lilirudishwa kwa sababu kifungu cha bajeti nilichoandika ni cha vifaa, wakati leseni ni huduma. Hakuna aliyenipigia kuniambia, lilikaa tu kwenye trei likisubiri nilikumbuke. Nimelirekebisha palepale, nimesimama nyuma ya afisa mpaka ombi likaingia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Aliniuliza kama sina kazi nyingine. Nikamwambia hii ndiyo kazi yenyewe.

Saa 7:00 mchana

Loshoro (mahindi na maziwa mgando) kwa mama ntilie wa nyuma ya jengo. Kwa baridi hii ningekula ndizi nyama za moto, lakini zilikwisha kabla sijafika. Mezani kijana wa mapokezi ananionyesha meseji: "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tumecheka. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka jana alituma, shilingi 40,000, kwa sababu siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa na mtu. Kwenye semina zangu huwa nawaambia watu waangalie makosa ya uandishi. Meseji ile haina kosa hata moja. Inamvizia tu mwenye deni, na Juni hii nani hana deni?

Saa 8:00

Jaribio la kurudisha nakala rudufu. Kila usiku mfumo wa barua unanakiliwa, na kila asubuhi tunapata ujumbe wa kijani kwamba imefanikiwa. Leo nilitaka tufanye kama seva imeungua: tuchukue nakala ya jana, tuirudishe kwenye mashine tupu, tuone.

Ilichukua saa mbili na dakika kumi. Orodha ya barua ikajitokeza, namba za majalada, tarehe, majina ya waandikaji, kila kitu mahali pake. Kijana wa seva akapiga kofi mezani. Nikamwambia, fungua moja. Akabonyeza kiambatisho cha barua ya Machi. Karatasi nyeupe. Ya Aprili, nyeupe. Akarudi Januari: hiyo ikafunguka, na mhuri wake, na sahihi.

Tulimpata mchawi baada ya kama robo saa. Februari diski ilijaa, viambatisho vya kuanzia hapo vikahamishiwa diski mpya, na hakuna aliyeuambia mfumo wa nakala kwamba kuna nyumba mpya. Kwa hiyo kila usiku kwa miezi minne ulikuwa unanakili kwa uaminifu mkubwa chumba kilichohamwa. Ukijani wake haukuwa uongo hata kidogo.

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Ni yeye aliyehamisha ile diski, Ijumaa usiku, peke yake, kwa kuwa mimi nilimpigia mara tatu kumuuliza imefikia wapi. Hilo nalo niliandike hapa, maana kwenye ripoti halitaandikwa.

Saa 10:40 jioni

Ofisi za serikali zimefungwa tangu saa 9:30, lakini mkuu wangu bado yupo. Nimempa habari.

"Lakini ripoti ya robo mwaka ilisema nakala rudufu ni asilimia 100."

"Ilisema zinachukuliwa, mkuu. Haikusema zinarudi."

Akazungusha kalamu. Akauliza kama nataka ripoti irekebishwe. Nikasema ndiyo, na safari hii tuandike tarehe ya mara ya mwisho tuliporudisha na tukafungua kiambatisho kwa macho yetu. Hakufurahi, ila hakukataa. Nimekihamisha kikaratasi cha nakala rudufu kutoka Imekwisha kukirudisha Inaendelea. Kwenye Imekwama Kwa Nani, kwa siku ya leo, nimeandika jina langu.

Saa 11:34

Nimetoka. Kituoni namkuta mama wa masjala, kanga imefungwa kichwani kwa baridi, mkoba kifuani. Naye alibaki kupanga majalada ya mwisho wa mwaka.

"Shikamoo tena, mama. Gari bado?"

"Gari limekwenda." Akanionyesha kioo cha simu. "Saa yako ni ya kweli kabisa, mwanangu. Nimefika nikiwa na saa ya kweli mkononi."

Nikaomba msamaha. Nikanunua mahindi mawili ya kuchoma, tukasimama tunatafuna pamoja. Katikati ya hindi akanipa lake nimshikie, akafungua mipangilio ya simu, na mbele ya macho yangu, mimi msimamizi wa utekelezaji wa usalama wa mtandao, akaisogeza saa dakika 10 mbele.

"Asubuhi nikiingia kazini nitairudisha," akasema, akachukua hindi lake.

Nimetoa daftari nikaandika: masjala, kuomba kile kifaa kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo kinachotoa namba sita, kisichokuwa na saa ya kudanganywa. Kimoja tu. Kifungu cha vifaa, si huduma. Mwaka wa fedha ujao.