Mkuki, risasi na bidoni ya njano: nilivyojipanga kuzamia samaki Ziwa Kivu

Birere, mtaa wa maduka hapa Goma, nilipata nyavu, ndoana na jaketi za kuelea za kila rangi, lakini miwani ya kuzamia hapana. Za kuogelea zipo, ila hazifuniki pua, na ukishuka nazo mita chache zinakunyonya macho, kwa sababu huna njia ya kupuliza hewa ndani yake. Nikamwagiza binamu yangu anayefanya biashara Dar es Salaam: miwani, mrija na mapezi marefu. Bunduki ya mkuki sikuomba. Pwani ya Kenya na Tanzania imekatazwa, na sikutaka ndugu yangu abishane na askari mpakani kwa ajili ya tilapia.

Mkuki nilitengenezewa hapa hapa Goma. Fundi wa kuchomelea alininolea ncha tatu za chuma, tukazifunga kwenye mti mrefu, na nyuma nikaweka kitanzi cha mpira wa ndani wa gurudumu. Unaingiza kidole gumba kitanzini, unavuta mpira na kuushika mti, ukiachia, unaruka. Hauendi mbali. Tena maji yanadanganya jicho, samaki anaonekana karibu kuliko alivyo, kwa hiyo ukidhani umemfikia, sogea kidogo tena. Mpira ninauvuta nikiwa ndani ya maji tu, kamwe si kwenye pirogi (mtumbwi) penye watu. Sambaza, wale samaki wadogo, nimewaachia wenye nyavu. Ncha zangu ni nene kuliko samaki wenyewe.

Kilichonichukulia muda ni risasi za mkanda, yaani vizito vya madini ya risasi vya kumsaidia mtu kuzama. Mafundisho yote niliyoyaona yanahusu bahari ya visiwa, na maji ya chumvi humwinua mtu zaidi. Mtu wa kilo 75 akiingia maji matamu anapoteza karibu kilo 2 za kule kuinuliwa, kwa hiyo anazitoa kwenye mkanda. Nilizitunga risasi za nyavu kwenye mkanda wa kiti cha gari, ule unaofunguka kwa kubonyeza mara moja, nikawa nazipunguza moja moja mpaka nikielea wima bila kupiga mapezi, pumzi ikiwa nusu, maji yananifika machoni.

Halafu kuna mwinuko wa nchi yetu. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Baharini mkandamizo unakuwa maradufu ukifika mita 10. Hapa unafika maradufu kwenye mita 8 na nusu hivi. Masikio yanadai mapema, kwa hiyo nabana pua na kupuliza tangu mita ya kwanza, sisubiri maumivu. Na pumzi moja ya Goma ina oksijeni pungufu kuliko pumzi moja ya Zanzibar. Nikisoma kwamba fulani alikaa chini dakika tatu, nacheka tu. Sipumui harakaharaka kabla ya kushuka pia: ile hamu ya kuvuta hewa ndiyo kengele, na ukiizima unaweza kuzimia ukiwa karibu kabisa na juu.

Mahali pa kuzamia nilionyeshwa na mzee mmoja wa pirogi. Nilipomwambia nafikiria ghuba ya Kabuno, alikataa kabla sijamaliza. «Kule hapana, kijana. Na hata huku, usilale pale chini kwa mawe, mazuku iko.» Ana haki. Kabuno maji yenye gesi nyingi yanaanza kwenye mita kumi na kidogo tu, na mazuku ni hewa ya ukaa, nzito, inajikusanya kwenye mashimo ya ufuko. Mwali wa kibiriti hauwaki humo. Sasa tunapumzikia kwenye pirogi, si kwenye mabonde ya mawe.

Tunazamia asubuhi, kabla ya upepo, kandokando ya miamba ya lava. Inakata kama chupa, glavu ni lazima. Tilapia hukaa kwenye vivuli vyake; ukimfukuza umempoteza, ukitulia chini anaweza kuja mwenyewe kukuchungulia. Mmoja akishuka, mwenzake anabaki juu akimwangalia, na kila mtu ana kisu mguuni kwa ajili ya nyavu zilizosahauliwa.

Juu tunavuta bidoni (dumu) ya njano kwa kamba, ili wenye boti za kisiwa cha Idjwi wajue kuna mtu chini. Baadhi wanadhani ni alama ya nyavu na wanapita karibu vilevile. Binamu akirudi, nimemwomba boya lenye bendera.