Chernobyl, urani ya Namtumbo na sheria isiyo na meno

Jana jioni niko kijiweni Mwanjelwa, baridi ya Mbeya mnaijua, stori ikaangukia urani, yale madini ya nyuklia, ya Mto Mkuju kule Namtumbo, jamaa mmoja akasema nyuklia ni mambo ya wazungu. Nikabisha, na bado nabisha.

Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine ya Wasovieti, kililipuka 26 Aprili 1986, Wasovieti wakakaa kimya siku 2, mpaka wafanyakazi wa kinu cha Forsmark huko Uswidi walipokuta mionzi kwenye viatu vya mwenzao, yani jirani ndo anatangaza nyumba yako inaungua! Mwaka huohuo ukaja mkataba wa kutoa taarifa mapema ajali ya nyuklia ikitokea, halafu 1994 ukapitishwa Mkataba wa Usalama wa Nyuklia. Sasa huo ndo unaniuma, nchi inajiandikia ripoti yenyewe, wenzake wanaisoma na kuihoji pale Vienna, basi, adhabu hakuna. Baada ya ajali ya kinu cha Fukushima, Japani, 2011 Uswisi walitaka urekebishwe ikashindikana, 2015 likatoka azimio tu lisilombana mtu kisheria.

Tena mkataba wenyewe unahusu vinu vya umeme vya nchi kavu tu, migodi ya urani haimo, na sisi huku kusini ndo tuna urani. Mi nataka wakaguzi wa nje waingie kwa lazima, na ripoti zitoke kwa Kiswahili watu wa Namtumbo wazisome wenyewe.