Uzima tele, baada ya misiba minne

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Yohana 10:10: “Mwivi haji ila aibe na kuchinja na kuharibu, mimi nalikuja ili wawe na uzima, kisha wawe nao tele.”

Mstari huu tumezoea kuusikia kwenye ibada za shukrani: nyumba imekamilika, mtoto amefaulu. Safari hii nimeusoma nikimkumbuka binti wa China aitwaye Wu Yifang, na umenishika kwa namna nyingine.

Alizaliwa mwaka 1893 huko Wuchang, baba yake akiwa ofisa katika utawala wa kifalme. Mwaka 1909 baba akajitoa uhai. Mwaka 1911, mapinduzi yalipolipuka katika mji huo aliozaliwa, kaka yake naye akajitoa uhai. Mama, aliyekuwa mgonjwa, akafariki. Dada yake mkubwa akajiua kabla mama hajazikwa. Yifang akabaki na bibi yake na mdogo wake wa kike, wakapokelewa na ndugu wa upande wa mama.

Nimekaa kwenye matanga ya kifo cha namna hiyo. Watu hunong’ona, na wengine hata mkono wa pole hawautoi. Kwa Yifang ilikuwa mara tatu, ndani ya nyumba moja.

Wakati huo hakuwa Mkristo. Mwaka 1916 alijiunga na Ginling mjini Nanjing, chuo cha wanawake kilichoanzishwa na wamisionari na kufunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Huko ndiko alikobatizwa. Kaulimbiu ya chuo ilitoka katika mstari wetu huu, kwa maneno mawili ya Kichina, *hou sheng*: uzima tele. Yeye aliyeona wapendwa wake wakiukataa uhai, sasa kila siku anasoma chini ya ahadi hiyo! Mungu hakumwuliza kwanza kama amemaliza kulia.

Mwaka 1919 alikuwa mmoja wa wahitimu 5 wa kwanza wa Ginling. Alikwenda Marekani, akapata shahada ya uzamivu ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka huohuo, 1928, akarudi kukiongoza chuo chake. Alikishika katika wakati mgumu: mwaka 1927 askari walikuwa wamewashambulia wageni Nanjing, na serikali mpya ilitaka shule za misheni ziongozwe na Wachina.

Mwaka 1937 majeshi ya Japani yalipoukaribia mji, aliondoka na kukihamishia chuo Chengdu, mbali magharibi. Majengo yaliyobaki Nanjing hayakukaa matupu. Mmisionari Minnie Vautrin aliyafungua, yakawaficha wanawake na watoto wapatao 10,000 wakati majeshi hayo yalipowaua raia wengi mjini. Nikifika hapa huwa nanyamaza kidogo. Vyumba vya madarasa vya chuo cha “uzima tele” vilijaa watu waliokuwa wakitafuta uzima tu, hata usiwe tele.

Mwaka 1945 huko San Francisco, Yifang alikuwa mmoja wa wanawake 4 tu waliotia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1949, serikali iliyoshindwa vitani na Wakomunisti ilipokimbilia Taiwan, naye angeweza kwenda, alibaki Nanjing. Mwaka 1951 Ginling kikaunganishwa na chuo kingine, na jina lake likafutwa. Aliendelea kuitumikia elimu chini ya serikali mpya hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1985. Miaka miwili baadaye jina la Ginling lilirudi, ndani ya chuo kikuu cha ualimu cha Nanjing.

Tuombe.

Bwana Yesu, tunamleta kwako ndugu yetu ambaye nyumbani kwake kuna kifo ambacho watu hawataki kukitaja. Tutume kwake wiki hii, tukakae naye. Na kama leo hawezi kuamini neno “tele”, mpe kwanza uzima wa kesho asubuhi. Amina.