Vitu nilivyotumia kuanza dredi zangu nyumbani

Dredi zangu zilianza sebuleni kwetu Mbagala, nikiwa na nywele za urefu wa kidole cha shahada. Sasa zina mwaka na miezi miwili, zimefika mabegani, na nikipanda daladala hakosi dada wa kuniuliza: "Samahani, hizo alikuanzia nani?" Nikimwambia ni mimi na mdogo wangu, swali linalofuata ni moja tu: mlitumia nini? Nimelijibu mara nyingi nikiwa nimening'inia mlangoni, nashuka kituoni maneno yakiwa bado mdomoni. Leo nimekaa, nalijibu lote.

Kwanza ni nywele zenyewe. Nilikuwa natia dawa tangu namaliza sekondari, na nywele yenye dawa haishiki dredi kwa urahisi: inateleza, ncha inafumuka. Nikaacha dawa kwa miezi minane, kisha nikakata sehemu yote iliyonyooka. Kilichobaki kilikuwa kipilipili changu cha kuzaliwa. Kinajikunja chenyewe, na dredi ni nywele zilizojikunja na kushikana kwa sababu hazichanwi. Hata zile zinazong'oka kila siku, ambazo zamani nilikuwa naziona kwenye kichana, sasa zinabaki humo humo ndani na kushikilia zenzake.

Nywele nilizokata sikuzitupa. Nilizihifadhi kwenye mfuko, na baadaye zilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Safari ya kwanza ya Kariakoo nilirudi na mfuko mzito: kopo la nta, jeli ya kubana nywele, mafuta aina mbili, sindano ya kroshia, mipira midogo na vibanio. Shilingi elfu thelathini na nane zilikwisha. Kabla ya kugusa kichwa nikajaribu nta kwenye kile kishungi cha nywele zilizokatwa. Nilipaka kiasi cha punje ya mahindi, nikasokota, nikakiacha dirishani siku mbili. Kisha nikaosha kwa shampuu mara tatu na maji ya moto. Nta ilikuwa bado inanata vidoleni, na vumbi la dirishani lilikuwa limeganda humo kama unga wa kijivu. Nikajiuliza: je, ingekuwa katikati ya dredi, ningeitoaje? Kopo nililifunga na sijalifungua tena.

Jeli niliijaribu nyuma ya sikio, misokoto mitatu tu. Siku ya kwanza ilimetameta. Siku ya tatu ikakauka ikawa inamenyeka vipande vyeupe, mtu akikutazama anaona mba. Hiyo nayo nikaiweka kando.

Kilichoshika nafasi ya vyote viwili ni alovera iliyoota uani kwa jirani. Nilipiga hodi, nikaomba majani mawili manene ya chini. Ukishalikata jani, lisimamishe kwenye kikombe kwa muda, ule utomvu wa njano utoke, kwa sababu unawasha ngozi. Kisha menya ganda, kwangua ute wa ndani, uuponde na kuuchuja kwa kitambaa. Mimi niliuchanganya na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupulizia. Tengeneza wa siku hiyo tu, maana joto la Dar linauharibu haraka usipokuwa na friji.

Kifaa ambacho singekubali kukikosa ni kichana cha mkia, tena chenye mkia wa chuma. Cha plastiki kinapinda unapochana njia, na njia ikipinda leo utaiona kichwani mwaka mzima. Vibanio nilinunua dazeni nne nikidhani ni vingi. Havikutosha, kwa sababu kila msokoto unabanwa kwenye shina mpaka ukauke, kwa hiyo tulikwenda safu kwa safu tukisubiri. Kwa dredi zaidi ya mia moja, nunua dazeni sita. Vingine tulivitoa nyumbani: kioo kikubwa na kidogo cha kutazamia kisogo, taulo la mabegani, na shampuu ya kawaida isiyo na mafuta. Nywele ziwe safi na kavu kidogo, zisiwe na mafuta hata tone.

Tulianza Jumamosi saa tatu asubuhi. Tuligawa kichwa visanduku vidogo, tukavipanga kama matofali ya ukuta, cha juu kikikaa katikati ya viwili vya chini, ili njia zisifuatane na ngozi kuonekana mistari. Kila kisanduku unapulizia alovera, unaingiza meno ya kichana karibu na ngozi, unazungusha huku ukishuka taratibu hadi nchani, halafu unabana. Mimi nilifanya mbele na pembeni, mdogo wangu akafanya kisogo.

Jumapili asubuhi niligusa nyuma nikahisi kitu tofauti. Mdogo wangu anatumia mkono wa kushoto. Zangu zote zilizunguka kulia, zake zilizunguka kushoto! Kwa macho huoni kasoro yoyote, lakini siku ya kurudia kusokota mashina yakishaota, ukizungusha kinyume unafumua ulichojenga. Ningelazimika kukumbuka kila mara wapi ni kulia na wapi ni kushoto. Alikuwa amemaliza kumi na moja. Tukazifumua zote, akaanza upya polepole. Jumla zilifika mia moja na nne, tukamaliza saa moja usiku.

Baada ya hapo kitu muhimu ni kitambaa cha satini cha kulalia. Usiku mmoja tu nililala bila hicho, asubuhi nikakuta nyuzinyuzi nyeupe za shuka zimejishika kwenye ncha. Nilizitoa moja moja kwa sindano ya kushonea.

Sikuosha kwa wiki tatu. Nilifuta ngozi ya kichwa kwa kitambaa chenye maji, nikipita kwenye njia tu. Nilipoosha, nilivaa stokingi kichwani nikamimina shampuu iliyochanganywa na maji juu yake, nikabonyeza bila kusugua. Maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni haitoi povu na inaacha utando, kwa hiyo naweka ndoo mbili za maji ya mvua kwa kazi hiyo tu. Na usilale na dredi mbichi! Zinavunda kwa ndani, na harufu ile ni kazi kubwa kuiondoa. Mimi naosha asubuhi siku ya jua.

Kurudia mashina ni kila baada ya wiki tano au sita, bila kuvuta. Nimeona dada wanaosokota kila wiki, nywele za paji la uso zimekwisha. Ile sindano ya kroshia niliigusa dredi zilipofika mwezi wa sita, kurudisha vinywele vilivyochomoka. Mapema zaidi ingekata nywele changa.

Mwezi wa kwanza wa dredi ndio uliokuwa mgumu kwangu. Masika yalinikuta kituoni, misokoto saba ikafumuka, zilizobaki zikavimba. Shangazi alikuja kutoka Tanga wiki hiyo hiyo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kichwani kwangu. "Mwanangu, kazini watakuelewaje na nywele hizi?"

"Nipe miezi mitatu, shangazi."

Mwezi wa nne, nikiwa kwenye foleni ya benki, nilibonyeza dredi moja ya pembeni nikahisi kitu kigumu katikati yake, kidogo kama punje ya choroko. Nikabonyeza ya pili, nayo inacho. Hapo ndipo nywele zinapoanza kufungana kwa ndani, na kuanzia hapo mvua haifumui kirahisi. Nilizibonyeza zote njia nzima hadi nyumbani.

Shangazi alirudi mwezi wa saba. Alikuta nimekaa kwenye mkeka, nimetoka kuosha, vibanio viko kwenye sahani. Hakusema kitu. Alivuta kigoda akakaa nyuma yangu, akachukua kichana cha mkia, akaniuliza nazungusha upande gani.

"Kulia, shangazi."