DMZ ya Korea: kabla hujapanda basi

Wengi wanaolipia ziara ya DMZ, ukanda usio na shughuli za kijeshi kati ya Korea Kaskazini na Kusini, wanadhani wataukaribia mpaka waushike. Naona ni vizuri kulijua hili mapema: mpaka wenyewe hutauona. Mstari wa makubaliano ya kusitisha vita ya 27 Julai 1953 hauna ukuta, una vibao tu porini, na kila upande umeachiwa kilomita 2. Seng'enge unayoipiga picha dirishani iko mbali na mstari huo. Panmunjom, pale mpakani pande mbili zinapokutania kwenye vibanda vya buluu, ni ziara nyingine kabisa, nayo imekuwa ikisitishwa tangu askari wa Marekani alipokimbilia kaskazini Julai 2023. Muulize wakala kabla hujatoa hela.

Pasipoti iwe yenyewe. Picha yake kwenye simu haikubaliki. Kwenye daraja la Tongil, njia ya kuingilia eneo hilo, askari hupanda basi na kukagua abiria mmoja mmoja, na aliyeiacha hotelini havuki. Jumatatu usihangaike, hufungwa.

Kinachonigusa zaidi ni handaki la tatu kati ya yale Korea Kaskazini iliyoyachimba kwa siri chini ya mpaka, lililogunduliwa 1978. Lina urefu wa mita 1,635, limepita mita 73 chini ya ardhi, na upana na kimo chake ni kama mita 2. Unaliingia kwa njia ya mteremko iliyochimbwa na Korea Kusini, zaidi ya mita 300. Kushuka si kazi. Kupanda ndiko kunakowakalisha watu njiani wakitweta, kwa hiyo mwenye pumu, moyo au magoti mabovu apime kwanza. Simu inabaki kwenye kabati. Kofia ngumu usiivue hata kidogo: dari inainama ghafla, na warefu huigonga mara kwa mara.

Ndani, angalia kuta taratibu. Matundu ya baruti yanaelekea kusini. Mwamba ni wa itale, lakini umepakwa weusi wa makaa, maana Kaskazini ilidai ule ni mgodi wa makaa ya mawe. Sakafu nayo imeinamia kaskazini ili maji yarudi huko. Kwangu mimi, ushahidi huo mnyonge wa mchimbaji unaeleza vita kuliko filamu wanayokuonyesha juu. Safari inakomea kwenye ukuta wa zege.

Kituo cha Dora, mahali pa kuitazama Kaskazini kwa mbali, kinategemea hali ya hewa. Kukiwa na ukungu, hata bendera ya Kijong-dong, kijiji cha Kaskazini, yenye mlingoti wa mita 160 haionekani kwa darubini.

Imjingak, bustani ambapo ziara huanzia, mwongozaji akienda kukata tiketi, usikae dukani. Nenda Mangbaedan, madhabahu ambapo waliotoka kaskazini huinama kuwakumbuka wazee wao, hasa Seollal (mwaka mpya wa Kikorea) na Chuseok (sikukuu ya mavuno). Ukikuta familia imeandaa chakula cha ibada, weka kamera chini, pita pembeni.