Nilivyomaliza utafiti wa dagaa Kigoma ndani ya mwaka mmoja

Mwaka wa masomo 2023/2024 chuo kilinitaka nikusanye data, nichambue, niandike tasnifu na nitoe angalau makala moja ya jarida. Mada yangu ilikuwa upotevu wa dagaa tangu wanaposhushwa mtumbwini hadi wanapofungwa kwenye gunia. Eneo ni mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, ya Kibirizi na Katonga, Kigoma mjini. Wenzangu waliobaki Dar walinionea huruma, wakasema Ziwa Tanganyika litanimalizia mwaka wote. Nilimaliza kwa wakati, na kilichonisaidia zaidi ni kwamba tangu mwanzo niliipanga kazi kwa kufuata ratiba ya ziwa, ya chuo ikafuata nyuma.

Vibali kwanza, maana hapo wengi hukwama. Mwanafunzi wa Kitanzania huanza na barua ya chuo chake. Barua yangu ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, halmashauri, kata, mtaa, ikaishia kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi pale mwaloni. Kila ngazi hubaki na nakala yake, kwa hiyo nilitoa kopi za kutosha kabla ya kupanda treni. Ngazi yenye uzito kuliko zote ni hiyo ya mwisho. Mkoa unaweza kukuruhusu, lakini mwenyekiti wa BMU asipokutambulisha hakuna mama muanika dagaa atakayekuachia upime mzigo wake. Watadhani wewe ni mtu wa ushuru.

Sasa ratiba yenyewe. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, taa huwavuta. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina kazi, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Nikachukua kalenda ya ukutani nikaitia alama: siku za giza ni za kupima, siku za mbalamwezi ni za kuhoji. Ukimpelekea mama dodoso refu alfajiri mitumbwi inapoingia, atakujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ili umwondokee. Mpelekee dodoso hilohilo wiki ya mbalamwezi, atakuuliza na yeye maswali yake.

Kazi iliyonila muda ni mzani. Pale mwaloni dagaa wabichi huuzwa kwa beseni, na beseni halina kilo maalumu. Kuna lililojazwa usawa wa mdomo, kuna lililopandishwa kilima, na kuna lile ambalo mwenye mali amelitikisa kwanza ili dagaa washikane. Nilikuwa na mzani wa kuning'iniza: napima beseni tupu, kisha likiwa limejaa, kila mara, hata kama ni beseni la mama niliyempimia jana. Walinicheka sana mwanzoni. Baadaye baadhi yao wakawa wananiita niwapimie hata pasipo utafiti, hasa wakimshuku mchuuzi.

Kilo zenyewe hazikutosha. Samaki mbichi ni maji kwa zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, kwa hiyo dagaa wakipungua wakati wa kuanikwa huwezi kuita hasara, wamekauka tu. Hasara ni waliooza mvua ilipowakuta, waliovunjika, waliojaa mchanga, waliobebwa na kunguru. Ili kutenganisha haya, nilichukua sampuli ndogo kabla na baada ya kuanika, nikazikausha kwenye joko la maabara, nikalinganisha uzito mkavu kwa uzito mkavu. Msimamizi wangu aliling'ang'ania jambo hili tangu kwenye andiko la kuombea utafiti, nami nikaona ananichosha. Mhakiki wa jarida alipouliza swali hilohilo, jibu lilikuwa limeshaandikwa.

Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei hivi, kwa hiyo awamu ya kwanza ya vipimo niliifanya mvua zikinyesha, ambapo dagaa walioanikwa chini hupata taabu kweli. Awamu ya pili ilikuwa ya kiangazi, na hapo ndipo ziwa likafungwa. Kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana.

Habari hizo zilikuwa zikizungumzwa mwaloni mapema, ndiyo faida nyingine ya kukaa na watu. Vipimo vya kiangazi nikavisogeza hadi baada ya ziwa kufunguliwa, kabla mvua hazijarudi. Miezi ya katikati nikaitumia kuhoji wenye maghala na wasafirishaji, na kuandika makala kwa data za msimu wa mvua pekee. Nisingeandika wakati ule, isingekubaliwa mwaka ule.

Kwa akina mama, miezi ile ilikuwa migumu.

"Mwanangu, sasa hivi uliza hata mpaka jioni," aliniambia mama mmoja wa Katonga aliyekuwa amehamia kwenye mawese. "Dagaa hawapo, na mimi sina pa kukimbilia."

Mahojiano marefu kuliko yote niliyapata kipindi hicho, na sura nzima ya tasnifu imesimama juu yake.

Mwishoni mwa 2024, kurugenzi ya utafiti ilipokusanya mafanikio ya mwaka, idara yetu ilipeleka makala, miradi iliyopata fedha na tasnifu zilizokamilika. Yangu yalikuwemo. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika mrejesho kwa wale waliohojiwa. Nikauweka chini ya huduma kwa jamii, katikati ya uchangiaji damu na upandaji miti. Mimi ningeupa safu yake.

Mrejesho wenyewe niliufanya Katonga wiki ya mbalamwezi, kwa karatasi moja ya herufi kubwa na picha. Nikaeleza kwamba walioanika kwenye chanja, zile za kuinua dagaa juu ya ardhi, walipata dagaa wasio na mchanga, na kwamba mvua ya ghafla iliwatia hasara ndogo kuliko wa chini. Mama mmoja akanikatisha kwa upole.

"Chanja tunazijua, mwalimu. Tuambie pa kuzijenga."

Mabishano yakaanzia hapo: nani ana haki na eneo gani la mwalo, nani analipia, nani alihamishwa. Sikuwa na data ya lolote kati ya hayo. Ndiyo mada ya andiko jipya nililowasilisha na msimamizi wangu, na sehemu kubwa ya bajeti yake ni ya kupima viwanja vya kuanikia.