Mtungi wa oksijeni usiofungwa ni kombora

Ukikabidhiwa ambulensi, usianze na king'ora. Anza na vishikizo, yaani vinavyofunga machela na vifaa kwenye gari. Kiwango cha Ulaya, EN 1789, kinataka machela na vifaa vihimili nguvu ya 10 g (mara kumi ya uzito wake): mbele, nyuma, pembeni na wima. Yaani monita ya kilo 6 itavuta kama mzigo wa kilo 60 gari likigonga. Kamba ya mpira hapo ni mapambo.

Machela ikishalia "tak", ivute kwa nguvu. Mlio peke yake haujathibitisha kwamba ndoano imeshika. Na mikanda ya kiuno na miguu haitoshi. Mgonjwa hulala kichwa kikielekea mbele ya gari, hivyo breki ya ghafla humtelezesha kuelekea kichwani, ndiyo maana ya mikanda ya mabegani, ile ambayo wengi huiacha ikining'inia.

Oksijeni hupigiwa hesabu. Mtungi wa lita 10 wenye shinikizo la baa 200 una takriban lita 2,000. Ukitoa lita 15 kwa dakika, ni dakika 133. Ule wa lita 2: dakika 26, bila akiba. Grisi kwenye nyuzi za skrubu za regyuleta, kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi ya mtungi? Kamwe, inaweza kuwaka.